Imeili zangu za kiingereza zinamchanganya bosi, nianze grama upya?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana niko Kasulu, nimeajiriwa kama msaidizi wa stoo kwenye shirika linalohudumia wakimbizi kambi ya Nyarugusu. Kiingereza cha kuongea najikongoja, kuandika ndo shida. Bosi wangu ni mama mmoja mgeni, juzi kaniambia kwa upole kabisa kwamba imeili zangu zinamchanganya. Nimesikia kuna kozi Kigoma mjini wanafundisha grama yote kuanzia mwanzo, laki tatu na nusu. Nilipie au kuna njia nyingine? Nakuwekea imeili moja niliyomtumia uione:

"Dear Sir, Refer the heading above. Hope you are fine with your family. I am writing to inform you that the truck it has arrived yesterday at two o'clock in the morning and the driver he was waiting us. All equipments are in the store and we have few blankets. 40 boxes are not seen. If the other truck arrives I will tell you. Report will be submitted until Friday. You are supposed to sign the papers of delivery. Yours obedient."

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kazi, maana najua hizo ajira za mashirika huko Kasulu zinavyogombaniwa. Nianze na la hela usije ukalipa kabla hujamaliza kusoma: usilipie hiyo kozi, angalau sio sasa hivi. Grama yote kuanzia mwanzo ulishafundishwa, toka kidato cha kwanza mmeimbishwa "I go, you go, he goes" mpaka mkaota, sasa mtu akikurudisha tena pale pale utakaa miezi unarudia vitu unavyovijua na imeili zako zitabaki vile vile. Ukiiangalia hiyo uliyoniwekea, karibu kila kosa lililomo lina kiswahili chake nyuma, yaani kichwa kimetunga sentensi nzuri tu ya kiswahili halafu mkono ukatoa maneno ya kiingereza. Wala hilo sio lako peke yako au la watu wa Kigoma, ni la nchi nzima, tunasoma shule ya msingi kwa kiswahili halafu unaingia sekondari unakuta baiolojia na jiografia zimegeuka kiingereza, kila mtu anajifunza kutafsiri haraka haraka ili asibaki nyuma na tabia hiyo inakufuata mpaka ofisini.

Nilifundisha kiingereza sekondari kabla ya kuhamia kwenye kazi ya kuhariri ripoti, na kitu kinachonishangaza kwa watu wengi ni kwamba wanayaogopa makosa yote sawasawa. Mtu anakosa usingizi kwa sababu kasahau "the", halafu kosa lililofanya gari litumwe siku siyo hata halioni. Mimi nikipokea imeili ya mtu najiuliza swali moja tu: anayesoma hii atafanya kitu tofauti na alichotaka mwandishi? Kama ndio, hilo kosa ni la kufa na kupona, lishughulike leo. Kama hapana, ni kosa la aibu ndogo tu, litasubiri. Tuisome imeili yako kwa jicho hilo.

Kubwa kuliko yote ni saa. Umeandika lori limefika "at two o'clock in the morning". Najua ulimaanisha saa mbili asubuhi, watu wameshakunywa chai wako kazini. Yeye alichosoma ni saa nane za usiku! Sasa jiweke kwenye nafasi yake, mashirika mengi hayaruhusu magari yao kutembea usiku kwa sababu za usalama, anasoma kwamba lori limeingia saa nane usiku na dereva alikuwa anawasubiri, hapo kichwani mwake tayari kuna maswali, nani kaliruhusu, lilipita wapi, nani kafungua stoo usiku huo, na hayo maboksi 40 yasiyoonekana si ndo yatakuwa yameondoka kwenye giza hilo. Kosa la masaa sita limekutia kwenye mashaka ya wizi na hakuna tensi hata moja iliyohusika. Kwa hiyo kuanzia sasa kwenye kuandika achana kabisa na "o'clock", tumia saa za masaa 24 kama kwenye tiketi, 08:00, 14:30, hapo hata ukiwa umechoka huwezi kukosea, na ukiongea kwa mdomo taja na asubuhi au jioni yake ya kizungu, "eight in the morning".

Na kuna ndugu yake huyo, usiku. Sisi tunasema usiku wa kuamkia Jumatano na kila mtu anaelewa ni baada ya jua la Jumanne kuzama. Mlinzi akikuambia tukio limetokea usiku wa kuamkia Jumatano, ukaandika "Wednesday night", umelisogeza tukio siku nzima mbele, na kwenye ripoti ya usalama hiyo inatosha kuonekana mlinzi anadanganya. Andika tarehe mbili, "on the night of 4–5 March", imeisha hiyo.

La pili kwa hatari ni hilo neno "until". Kiswahili chetu "hadi" na "mpaka" vinafanya kazi zote, ripoti itawasilishwa hadi Ijumaa, nitakuwepo hadi Ijumaa, sawa tu. Kiingereza kimezigawa. "Until Friday" ni kitu kinachoendelea mfululizo mpaka Ijumaa ndo kinakoma, "by Friday" ni kitu kinachofanyika mara moja na mwisho wake ni Ijumaa, kikifanyika Jumatano ni sawa pia. Kwa hiyo "the store is open until Friday" maana yake stoo iko wazi siku zote hizo, na "I will send the report by Friday" maana yake Ijumaa haitapita hujatuma. Ukisema "report will be submitted until Friday" atakaa anajiuliza mnawasilisha ripoti kila siku au vipi. Hapa kuna hela za wafadhili na tarehe zake, hili lifanyie mazoezi mpaka litoke lenyewe.

La tatu halimo kwenye imeili yako ila naweka dau kwamba linakukuta kwenye simu. Bosi anakuuliza "Hasn't the truck arrived?" na wewe lori hujaliona, unajibu "Yes". Kwa kiswahili umejibu vizuri kabisa, lori halijafika? ndiyo, halijafika, sisi tunakubaliana na maneno ya muulizaji. Mzungu yeye "yes" na "no" yake haijali swali limeulizwaje, inaangalia ukweli wenyewe tu, limefika ni yes, halijafika ni no. Kwa hiyo "yes" yako kaichukua kwamba lori lipo, kapiga simu Dar kusema mzigo umepokelewa, na lori liko Nyakanazi linabadilishwa tairi. Nimeona ofisi moja watu wamekasirikiana wiki nzima kwa ajili ya "yes" ya namna hii, kila mmoja akijua mwenzake ni muongo. Dawa yake ni kujibu kwa sentensi: "It hasn't arrived yet." Ukizoea hivyo hata hiyo yes na no huihitaji. Na uwe macho na "Do you mind", mtu akikuuliza "Do you mind working on Saturday?" ukajibu "Yes" kwa furaha, umemwambia kwamba unachukia kufanya kazi Jumamosi.

Hapo hapo kuna "bado". Bado yetu ina nyuso mbili, bado nipo na bado sijafika. Unaulizwa "Have you sent the papers?" unajibu "Still", kwa sababu "still" ndo bado uliyofundishwa. Haielewiki kabisa. Kama kitu hakijafanyika sema "Not yet". "Still" ni ya kitu kinachoendelea, "I am still counting the boxes".

Tuje kwenye "If the other truck arrives I will tell you". Ulikuwa unawaza lori lingine likifika nitakuambia, ile -ki- ambayo kwetu inatosha kwa kitu chenye uhakika na kisicho na uhakika. Ukiipeleka kwa "if" umemwambia kwamba kuna wasiwasi lori lenyewe linaweza lisije kabisa, atashtuka, kwa nini lisije, kuna nini barabarani? Kama unajua linakuja, ni swala la muda tu, ni "when". "When the second truck arrives, I will call you." "If" ibakize kwa mambo ambayo kweli huna uhakika nayo, kwa mfano mvua ikinyesha, "if it rains". Na uone kwamba baada ya "when" hatuweki "will", hilo watu wengi wanalikosea, sio "when the truck will arrive".

Sasa "few blankets". Wengi tunahangaika na "a" na "the" kwa sababu kiswahili hakina hivyo vidude, na kwa kweli nakuambia vingi ukivikosea hakuna atakayepotea njia, acha visubiri. Ila hiki kimoja ni cha stoo. "We have few blankets" ni kilio, maana yake yamebaki machache hayatoshi, tuletee. "We have a few blankets" ni kutuliza, yapo kadhaa, tunaweza kusogea nayo. Herufi moja mdogo wangu, na mwisho wa siku mtu anaamua kuagiza au kutoagiza. Wewe ulimaanisha ipi? Mimi mwenyewe nimeisoma sijajua. Na hata hivyo ingekuwa heri uandike idadi, stoo ni namba, "we have 60 blankets left" haina mjadala.

Kingine ambacho kwenye stoo hakitakuumiza sana lakini ukihamia siku moja kwenye upande wa ustawi wa jamii au ulinzi wa watoto kitaleta balaa, ni "he" na "she". Kwetu wote ni yeye, a- tu, alifika, alisema, alipigwa. Ndo maana unaweza kukuta ripoti ya mama na mume wake, aya nzima "he" na "she" zinabadilishana viti hadi huwezi kujua nani kampiga nani. Hakuna sheria ya kukariri hapa, ulimi hautajifunza kwa haraka, kwa hiyo tumia mashine: ukimaliza kuandika bonyeza Ctrl na F, andika he, pitia moja baada ya nyingine ukijiuliza huyu ni nani, halafu fanya hivyo kwa she, his na her. Dakika chache tu. Na pale watu wawili wanapokaribiana sana kwenye sentensi rudisha jina au cheo, "the mother", "the driver", kurudia sio dhambi kwenye ripoti.

Hayo ndo ya kufa na kupona. Yaliyobaki kwenye imeili yako ni ya aibu ndogo, nayapitia haraka.

"The truck it", "the driver he", hiyo ni li- ya lori limefika na a- ya dereva alikuwa, umeitafsiri na yenyewe. Ifute. "Has arrived yesterday": kiswahili kinaruhusu limefika jana, ila kiingereza ukishataja muda uliokwisha kama yesterday, on Monday, last week, two days ago, unaitoa "have" na "has", unabaki na "arrived". Kinyume chake pia kinatusumbua, nafanya kazi hapa tangu 2021 inakuwa "I am working here since 2021", wakati hapo ndo penye "have" yake, "I have worked here since 2021". "Waiting us" imekosa "for". "Discuss" yenyewe haitaki "about", inajitegemea. "Equipments" na wenzake akina informations, furnitures, luggages, feedbacks, hawa wote hawana s hata viwe vingi kiasi gani, kwetu vifaa ni wingi ndo maana mkono unajiwekea s. Ukiwa na wasiwasi fungua kamusi ya wanaojifunza ya Cambridge mtandaoni, bure kabisa, andika equipment, pembeni ya neno utaona herufi U kwenye mabano ya mraba, hiyo inamaanisha halihesabiki, likiwa na C linahesabika. Kama lazima uhesabu sema "items" au "pieces of equipment". Na "borrow me your laptop" jamani tuiache, azima yetu inakwenda pande zote mbili, yao hapana, anayetoa "lends", anayechukua "borrows".

Sasa nije kwenye kitu ambacho sio grama kabisa na ambacho kozi yoyote ya grama haitakugusia, na kwa maoni yangu ndicho hasa kinachomchanganya huyo mama. Ni adabu ya barua. Sisi tumelelewa kwamba huwezi kumrukia mtu mzima na shida yako, unabisha hodi, unasalimia, unauliza familia, unazunguka kidogo, shida inakuja mwishoni kwa sauti ya chini. Na barua ya kikazi ya kiswahili ina mapambo yake, YAH, husika na kichwa cha habari hapo juu, wako mtiifu katika ujenzi wa taifa. Vizuri sana kwa mkurugenzi wa halmashauri. Ukivigeuza kiingereza vinakuwa "Refer the heading above" na "Yours obedient", na mtu anayepokea imeili mia kwa siku anasoma mstari wa kwanza na wa pili haoni jambo lolote, wa tatu macho yameshachoka. Jambo la maana kwenye imeili yako yote, maboksi 40 hayapo, umelificha katikati, tena baada ya mablanketi, kwa maneno "are not seen" kana kwamba yamejificha nyuma ya mlango. Hayaonekani ya stoo kiingereza ni "missing". Kwao adabu ni kutompotezea mtu muda, jambo linakaa juu, ikiwezekana kwenye kichwa cha imeili kabisa.

Na kuna mahali umekuwa mkali bila kujua. "You are supposed to sign the papers" wewe ulitafsiri unatakiwa kusaini, ambayo kwetu ni lugha ya kawaida ya ofisini. Kwao inasikika kama unamkumbusha wajibu alioupuuza, kama mwalimu wa zamu. Bosi, tena mama wa watu! Ombi kwa mtu wa juu yako liwe swali, "Could you please sign the delivery papers today?" Naomba yetu yote ya heshima inaingia humo kwenye "could you please", huna haja ya "I am kindly requesting" wala "do the needful". Pia "must" na "have to" usimwelekezee mtu wa juu, zielekeze kwako, "I have to send this by Friday".

Halafu "Dear Sir" kwa mwanamke, hiyo hapana. Kama yeye anamalizia imeili zake kwa jina la kwanza tupu, basi anakuruhusu umwite hivyo, andika "Dear" na jina hilo, hujamkosea heshima hata kama roho inakuuma. Ila usichanganye Mr au Ms na jina la kwanza kama tunavyosema Bwana Juma au Mama Asha, zile ni za jina la ukoo.

Sasa hii ndo imeili yako ile ile, jina nimelibuni, tarehe na idadi ya mablanketi pia:

"Subject: Truck received on 12 March, 40 boxes missing. Dear Anna, The truck arrived yesterday, 12 March, at 08:00. Forty boxes are missing. I have written this on the delivery papers and the driver has signed. Everything else is in the store. We have 60 blankets left, enough for this week. When the second truck arrives, I will call you. I will send the full report by Friday. Could you please sign the delivery papers today? Best regards."

Iangalie vizuri. Hakuna neno humo ambalo hukulijua ukiwa kidato cha pili. Sentensi fupi, kila moja na jambo lake. Hiyo ya dereva kusaini nimeiongeza mimi, ni swali la kwanza ambalo angekuuliza, na kama dereva hakusaini basi usiiandike, ila mara nyingine hakikisha anasaini kabla hajaondoka.

Jinsi ya kujifunza. Chukua imeili zako za mwezi uliopita, zile ambazo bosi alikujibu kwa swali. Pale alipouliza "what do you mean?" au alipofanya kitu tofauti na ulichotaka, ndo penye somo lako. Andika kwenye daftari sentensi yako, chini yake kiswahili ulichokuwa unawaza, chini yake kiingereza kilichotakiwa. Hicho kiswahili cha katikati usikiruke, bila hicho utalirudia kosa hilo hilo kwa sura nyingine. Utagundua sio makosa mengi, ni machache yanayojirudia kila wiki. Shughulika na moja mpaka life ndo uende lingine.

Pili, iba. Nasema iba kwa maana nzuri, bosi wako anaandika imeili kila siku na wewe unazo, za bure. Akiandika "Could you let me know by Thursday?" nakili sentensi nzima kwenye daftari, badilisha siku tu, tumia. Wenye kuandika vizuri wengi wao hawatungi sentensi mpya kila asubuhi, wana akiba yao ya sentensi za ofisini wanazizungusha. Ukiwa na akiba nzuri ya kupokea mzigo, kuomba sahihi, kuripoti upungufu, kuchelewa na kuomba ruhusa, umemaliza sehemu kubwa ya kazi ya stoo.

Masikio nayo yanahitaji chakula. BBC Learning English wanafundisha toka enzi za redio, 1943 huko, na sasa vipindi vyao viko bure mtandaoni, shusha ukiwa na intaneti ya ofisi usimalize bando lako, usikilize ukiwa kwenye gari la kwenda Kigoma. Kipindi kimoja kisikilize tena na tena badala ya kurukia kipya kila siku.

Kuhusu mashine za kutafsiri, sitakuambia usitumie, kila mtu anatumia. Ila usiandike kiswahili ukabandika humo ukatuma kilichotoka, kwa sababu hilo neno "yeye" tu inabidi mashine ibahatishe kama ni he au she, na hutajifunza kitu. Andika mwenyewe kiingereza kwanza, halafu ukiwa na mashaka na sentensi fulani ndo uiulize. Na hili nalisema kwa ukali kidogo: kitu chochote chenye jina la mkimbizi, namba ya kesi, mahali familia inapoishi kambini, usikibandike kwenye programu yoyote ya mtandaoni hata kama haraka imekushika. Watu wale wamekimbia vitu vizito na ofisi yako hakika ina sheria yake kuhusu hilo, ukiivunja hakuna grama itakayokuokoa.

Tahajia usiumize kichwa. Mkiwa mnaandika kwa ajili ya mashirika ya Umoja wa Mataifa wao wana mtindo wao wa katikati, kiingereza cha Uingereza lakini chenye z, ndo maana kwenye magunia ya chakula unaona World Food Programme ina -mme, na World Health Organization ina z. Mfadhili akiwa wa Marekani ni program. Angalia hati za ofisi yako zinafuataje, weka lugha hiyo kwenye Word upande wa ukaguzi wa maneno, basi. Cha kuogopa kwa Wamarekani ni tarehe, wao mwezi unaanza, 03/04 kwako ni tarehe 3 Aprili, kwake ni tarehe 4 Machi. Andika jina la mwezi siku zote.

Turudi kwenye laki tatu na nusu. Kabla hujatoa hela yoyote kwa kozi yoyote waulize jambo moja: nikija na imeili zangu za kazini, kuna mtu atakaa na mimi azisome azisahihishe? Wakikuambia ndiyo, na mwalimu ukamuona kwa macho, lipia nusu ujaribu. Wakikuonyesha kabrasha lenye tensi zote zimepangwa kuanzia simple present, lako la kidato cha kwanza si unalo bado nyumbani. Kuna njia nyepesi pia, ofisi nyingi za mashirika zina fungu la mafunzo ya wafanyakazi, muulize huyo mama. Kama amekuambia kwa upole basi anataka ukae. Unaweza kumwandikia hivi: "Thank you for telling me about my emails. I am working on it. When something is not clear, could you please show me the sentence?" Itume Jumatatu asubuhi, akianza kukuonyesha sentensi moja moja hiyo tayari ni kozi na hujalipa kitu.

Ukishakusanya hizo za mwezi uliopita chagua tatu zilizoleta utata zaidi, futa majina ya watu na namba zote za kesi, halafu nitumie pamoja na majibu aliyokupa.